Kisu cha Kangaja

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe Mishi, kioshe hicho kidole, usinililie juu ya samaki wangu. Nitakwambia aliyekukata ni nani.

Hapo kale kangaja hakuwa na kisu mkiani. Alikuwa samaki mpole wa mwambani, kazi yake kula mwani juu ya mawe, hana ugomvi na mtu.

Karibu na mwamba huo waliishi Mwanamvua na mama yake, Bi Mgeni. Baba alikuwa amekufa, akawaachia kisu kimoja kidogo, kikali. Maji yakitoka, wanawake wa hapo walikwenda mwambani kutafuta pweza, na sheria yao ilikuwa moja: jiwe ukiligeuza, lirudishe. Mwanamvua alirudisha kila jiwe, hata lile dogo la ngumi.

Siku moja maji yakaanza kujaa, na kikapuni kwa Bi Mgeni mna pweza mmoja tu, tena mwembamba. Akageuza jiwe kubwa. Hamna kitu.

"Mama, lirudishe!"

"Na maji haya, mwanangu? Nitalirudisha kesho."

Kesho ya wapi! Jiwe lile lilikuwa paa la Zimwi. Jua likampiga usoni, akaamka.

"Nani kanifunulia paa? Nani kanifunulia paa? Nani kanifunulia paa?"

Akatoa mkono mrefu, akamvuta Bi Mgeni shimoni, akamfunga kamba kwenye mwamba.

"Mimi nyama nailia majini," akasema. "Maji yakikufika kidevuni, nakula."

Mwanamvua alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisu cha baba alikuwa nacho, lakini akiingia shimoni Zimwi atamdaka naye. Basi akamwendea kaa.

"Kaa, nikatie kamba ya mama yangu."

"Nina watoto," kaa akasema, akaingia tunduni.

Akamwendea pweza. "Pweza, nikatie kamba ya mama yangu."

"Asubuhi mlikuwa mnanitafutia nini?" Na hapo, watoto, pweza alisema kweli.

Akamwendea kangaja. "Kangaja, nikatie kamba ya mama yangu."

"Mdomo wangu ni wa kulia mwani," kangaja akasema. "Lakini mawe yangu umekuwa ukiyarudisha, mwani wangu haukukauka juani. Nikikuacha leo, nitakuwa samaki gani? Nipe kisu."

"Utakishika na nini?"

"Mkia ninao."

Mwanamvua akakitazama kisu. Baba yake hakuacha kitu kingine. Akakibusu, akachana upindo wa leso yake, akakifunga mkiani kwa kangaja.

Maji yalimfika Bi Mgeni kiunoni. Yakamfika kifuani. Yakamfika shingoni. Kangaja aliogopa, maskini, lakini aliingia shimoni.

Akapiga mkia, kamba ikalegea. Akapiga tena, ikachanika. Akapiga mara ya tatu, ikakatika! Zimwi akamdaka kangaja mkiani. Lo! Kiganja chake kikapasuka, akaachia huku akipiga mayowe.

Bi Mgeni akatoka anahema.

"Mama, tukimbie!"

"Ngoja. Lile ni paa la mwenyewe."

Wakalisukuma jiwe wawili wao, maji yakawasaidia, likarudi mahali pake. Shimoni kukawa giza. Zimwi akanung'unika, akapiga mwayo, akalala. Amelala mpaka leo.

Basi Mwanamvua akataka kukifungua kisu cha baba yake. Akavuta, akavuta, akavuta. Fundo la leso lilikuwa limekaza kwa maji ya chumvi.

"Niachie mimi," kangaja akamwambia. "Wewe mama unaye."

Mwanamvua akamwachia.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mchuzi wangu unanisubiri. Jiwe ukiligeuza, lirudishe, hujui nani anaishi chini yake. Na wewe Mishi, kangaja mshike kichwani. Mkiani pana kisu cha watu.