Aliyemletea Mama Usingizi

Sogeeni karibu, na atakayejibu asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Milimani Upare walikuwako ndugu watatu. Nakijwa, kifungua mimba, alijaliwa miguu. Mlima kwake ulikuwa kama uwanja. Elinazi, kitinda mimba, alijaliwa masikio. Mbonea wa katikati alijaliwa mdomo, na ulimponza tangu utotoni. Mama yao alizoea kumwambia, "Mdomo huo utanitia aibu mpaka kaburini."

Mama akaugua saratani ya mapafu. Akikohoa, kitanda kinatikisika. Lakini hakulia. Aliimba nyimbo za kanisani, na majirani wakasema ana amani.

Elinazi ndiye aliyekunja uso. "Anaimba za Krismasi, na hii ni Kwaresima. Yale ni maumivu."

Mbonea akateremka hospitali. Daktari akamweleza kwamba dawa ipo, mofini ya maji, hutuliza maumivu na kikohozi pia, ila ni kali na mgonjwa huizoea. Kwa mara ya kwanza maishani Mbonea hakupandisha sauti.

"Ataizoea lini, daktari? Mama yangu anakufa."

Daktari akaiandika. Ikaagizwa mkoani, na ilipofika hospitali mvua ilikuwa imekata barabara. Nakijwa akaishukia, akapanda nayo kwa miguu, chupa kaifunga kifuani kwa kanga isigonge mawe.

Mama akanywa kipimo chake. Kikohozi kikatulia, akalala. Alipoamka aliomba uji, akacheka, kisha akasema, "Aliyeniletea usingizi huu ndiye atupe udongo wa kwanza."

Kwao udongo wa kwanza hutupwa na mtu mmoja tu, yule ambaye marehemu aliondoka akiwa radhi naye. Wakangoja ataje jina. Akasinzia. Wiki ile ile akafariki, kimya, bila wimbo.

Kaburini Nakijwa alisema chupa haina miguu. Elinazi akajibu kwamba bila yeye wangekuwa bado wanasifia nyimbo. Mbonea alikuwa na la kusema, tena kubwa: alitaka, japo mara moja, mama aridhike na mdomo wake. Akalikumbuka lile neno la aibu, akaufunga. Machozi yakamtoka.

Mchungaji anangoja. Viganja vitatu vimefumbata udongo, na mvua imeanza kuulowesha.

Je, ungekuwa wewe mchungaji, ungemwambia nani afungue kiganja?