Klematisi Iliyopanda Paani

Anayemhurumia mtoto asilie leo, akaacha kumkanya, hujiwekea kilio chake mwenyewe cha kesho. Ndivyo yalivyomfika mshonaji mmoja, ingawa aliyemhurumia yeye hakuwa mtoto, bali mmea.

Mama yake alipofariki aliacha klematisi, mmea wa maua utambaao, iliyopanda ukutani, nje ya dirisha la chumba alimolala baba, aliyekuwa amepooza miguu. Mmea ulikuwa umerefuka hadi juu ya paa. Chini palibaki vijiti vitupu, na maua yote ya zambarau yaliwachekea kunguru. Baba alitamani mno kuyaona maua ya mkewe, lakini kila siku aliambulia kutazama vijiti.

"Ukate, ubaki wa kufika magotini," mjomba wa mshonaji, mtunza bustani, alimshauri kipupwe kilipokuwa kikiisha. "Utachipua upya huku chini."

"Mjomba! Nimkate mama?"

"Vitambaa vya watu unavikata bila kupepesa jicho. Huu ndio unakutoa jasho?"

Mshonaji alitia pamba masikioni. Kwa ujuzi wake wa cherehani, aliuvuta mmea kutoka paani, akaukunja mbele ya dirisha na kuufunga kwa uzi wa nailoni wa kushonea mikoba. Hakujua kuwa uzi ule, ukichezwa na upepo, hukata kama wembe. Upepo ulivuma siku mbili tu, shina likawa vipande vitatu. Alilia kwa kwikwi, amekumbatia majani yaliyonyauka, hata baba naye akaanza kulia kitandani.

Mjomba alipokuja hakumsimanga sana. "Basi, mpwa wangu. Mizizi i hai." Akamkabidhi mkasi. "Kata hapa, juu kidogo ya vichipukizi hivi viwili."

Alikata. Matawi mapya yalipofika urefu wa shibiri, mjomba alimwamuru ayaminye ncha kwa kucha zikatike. Roho ilimuuma, lakini aliziminya zote, na kila tawi lililominywa likazaa mawili.

Miezi michache baadaye mmea ulikuwa kichaka kinene, na maua yamejaa dirishani. Baba alinyoosha mkono, akaligusa moja. "Mke wangu," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Na mwakani?" mjomba aliuliza.

"Mwakani nakata mwenyewe, mjomba, hata ukilia wewe!"

Alikuwa amekwisha kujionea kwa macho yake: mchelea mwana kulia hulia yeye.