Mwezi Ambao Haukuandama

Sultani Zahidi bin Mngwame alitawala mji wa Shangavu, mji wa kuta nyeupe na bustani za mikomamanga, na katika enzi yake lilitokea jambo ambalo halijapata kufumbuliwa: watu arobaini wenye akili zao, makadhi na mawaziri na mashehe, walisoma waraka mmoja wa mistari mitatu, wakautia sahihi mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyeona kilichoandikwa. Mtoto wa chuoni angekiona. Wako wasemao ni majonzi, wako wasemao ni haraka, na msimulizi wa hekaya hii amelifikiria miaka mingi na hajui.

Aliyeuandika waraka ule ni Mahadhi, karani wa baraza, kijana mtaratibu ambaye kalamu yake ilikuwa haijapata kufuta neno. Ilikuwa tarehe tano ya Mfungo Saba. Mwana Zaitu, binti wa Sultani, alikuwa anakufa kwa homa iliyoimba kifuani mwake kwa sauti ya ndege, na matabibu walikwisha kuondoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Sultani akanadi kwamba atakayemrudisha binti yake mzima, huyo atamwoza, na alipokosa mtu akaisugua pete ya babu yake, na jini Samumu akatoka humo, kichwa chake kikagusa dari, akasema kwa uchovu, "Labeka, Maulana."

Jini akaeleza kwamba homa ile haitibiki ila kwa usingizi wa miezi mitatu, na kwamba yeye hatendi ila kwa maandishi. "Na nikimaliza nataka uhuru wangu. Miaka mia tisa ndani ya pete, Maulana, hata mgongo umepinda."

Mahadhi akaandika, na huku anaandika anamsikia yule ndege akififia. Saba na tatu ni kumi. Mkono wake ukaandika kwamba binti ataamshwa tarehe tano ya Mfungo Kumi, kabla ya jua kutua. Kwamba akipitwa na siku hiyo hataamka tena. Na kwamba siku hiyo hiyo jini Samumu ataachwa huru. Mashahidi arobaini wakatia sahihi, Sultani akapiga muhuri, na jini akampulizia binti, naye akalala ndani ya sanduku la bilauri lililoelea katikati ya ukumbi kama taa isiyo na mnyororo.

Ukaandama Mfungo Nane, ukaandama Mfungo Tisa, kisha ukaandama Rajabu, kama ilivyo tangu enzi na enzi, kwani miezi ya baada ya kufungua saumu huhesabiwa hadi tisa tu, halafu huja Rajabu na Shaabani na Ramadhani kwa majina yao. Tarehe tano ya Rajabu mji ukapambwa, halua ikapikwa, na baada ya sala ya alasiri Sultani akaisugua pete.

"Mwamshe binti yangu."

"Leo?" akauliza jini. "Hebu someni waraka."

Kadhi akausoma kwa sauti kubwa, na alipofika kwenye jina la mwezi sauti ikamkatika kama uzi. Ukumbi mzima ukasikia alichokuwa hajakisoma.

"Nimeutafuta mwezi huo mashariki na magharibi," jini akasema, na meno yake yakaonekana. "Nimeingia hadi kwenye mapango ambamo wenzangu huweka miezi iliyokwisha. Mfungo Kumi haumo. Ukiandama, niiteni."

Mahadhi akauona mwandiko wake mikononi mwa kadhi, mzuri, usio na doa. Mama mmoja akapiga ukelele. Sultani alisimama, akakaa, akasimama tena, kana kwamba amesahau kiti ni cha nini.

"Kichwa kisichojua kuhesabu hadi Rajabu kina kazi gani shingoni?" akafoka Waziri Ngwame. "Kikatwe sasa hivi, Maulana, tuone kama kitakumbuka!"

"Nikate baada ya magharibi, Maulana," akasema Mahadhi. "Kwanza naomba waraka."

Akausoma mara tatu, na kivuli cha dirisha kinapanda ngazi. Jini alikuwa akijinyoosha mgongo. "Haya, kwaherini, wanadamu. Nimehesabu miandamo mitatu kwa macho yangu. Mimi leo ni siku yangu."

"Siku yako ipi, bwana jini?"

"Ya uhuru! Mstari wa tatu."

"Hebu usome."

Jini akainama akasoma, midomo ikimcheza. Akarudia. Moshi wake ukageuka kutoka buluu kuwa majivu. "Siku hiyo hiyo," akanong'ona. "Ipi?"

"Ya ule mwezi usiomo mapangoni."

Basi jini akawa wa arobaini na moja kuusoma waraka ule asione. "Karani," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "umenifunga milele."

"Sikukusudia, kama ambavyo sikukusudia kumfunga binti. Lakini tarehe ni moja. Ikiwa kwako ni leo, kwake ni leo. Ikiwa kwake bado, rudi ndani ya pete."

Jini akalitazama jua, lililokuwa limebaki ukucha tu, akavuta pumzi. Bilauri ikamwagika kama maji, ndege wa kijani akaruka kutoka kinywani mwa Mwana Zaitu akapita dirishani, na pete ikapoa kidoleni mwa Sultani, haina mtu.

"Mbona mmenuna hivi?" akauliza Mwana Zaitu. "Nani kafa?"

Akasimuliwa yote, akauomba waraka, akausoma. "Na ninyi mashahidi mlikuwa mnatia sahihi nini?"

Waziri akakohoa. "Hata hivyo, kichwa cha karani..."

"Basi tukate arobaini na kimoja, na tuanze na chako, baba waziri. Sahihi yako ndiyo ya juu."

Waziri akawa anakagua viatu vyake. Sultani akamtazama Mahadhi kwa muda mrefu, kisha akautazama muhuri wake mwenyewe chini ya waraka, na hasira ikamtoka. Ikaamuliwa kwamba hakuna shingo itakayokatwa. Kwamba tangu siku hiyo kila mwezi ujao utahesabiwa kwa vidole, kwa jina lake, mbele ya mashahidi. Na kwamba ahadi ya ndoa ni ahadi, binti akiridhia.

"Aliyenipoteza ndiye aliyenirudisha," akasema Mwana Zaitu. "Nipeni miezi mitatu nimzoee. Hesabu, karani. Vidole juu, tuvione."

"Shaabani," akasema Mahadhi, akiinua kidole kimoja kimoja. "Ramadhani. Mfungo Mosi."

"Tarehe tano ya Mfungo Mosi, basi."

Mahadhi akanyoosha mkono kuchukua kalamu, lakini Mwana Zaitu akamtangulia. Aliiandika tarehe ile yeye mwenyewe, na mashahidi wote arobaini wakaisoma kwa sauti, polepole, kabla ya yeyote kutia sahihi; na siku ilipofika, wakaoana.