Maua Ishirini ya Bati

Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Walimwonya mtu anayeudhania wakati kuwa punda aliyefungwa kamba, kwamba atamkuta palepale alipomwacha. Fundi mmoja wa vyuma aliijua methali hii tangu utotoni, lakini kuijua methali ni jambo moja na kuitii ni jingine.

Karakana yake na nyumba yake vilikuwa katika kiwanja kimoja. Kwa miaka thelathini vumbi la chuma na maji makali ya betri kuukuu vilimwagika ardhini, hata udongo wa chini ya dirisha la jikoni ukawa mkavu kama kisigino. Kila ua alilopanda mkewe lilinyauka kabla ya kuchanua. Mama huyo, ambaye alikuwa fundi cherehani, hakuwahi kumlaumu. Aling'oa mashina makavu, akapanda tena.

Siku moja daktari alimpima mama huyo macho, akamweleza kwamba nuru yake ingedumu miezi sita tu. Mama akarudi nyumbani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni pa karakana.

"Fundi, udongo wako umekula maua yangu yote," alisema. "Nitengenezee mengine ya bati. Nataka kuiona bustani yangu kabla giza halijaingia."

"Nitakutengenezea ishirini, mama watoto," fundi alijibu.

Alianza siku ileile. Alikata petali kwa mkasi wa bati, akazikunja kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha bomba, kisha akazichomelea kwenye kijiti cha nondo. Waridi la kwanza lilitoka limepinda shingo. Akalitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. La pili halikumridhisha, wala la tatu. Isitoshe, alikuwa na mwiko wake: kazi ambayo haijaisha haonyeshwi mtu. Akatundika gunia mlangoni.

Mwezi wa tatu mkewe aliita akiwa nje ya gunia, "Geti la jirani ulilimaliza kwa siku tatu. Maua yangu yana mimba ya tembo?"

Fundi akacheka. "Haraka haraka haina baraka."

"Na chelewa chelewa je? Nipe hata lile la kwanza. Nililiona pipani kabla hujaweka hilo gunia lako, shingo upande kama mtu aliyelala vibaya."

"Lile ni aibu tupu. Subiri kidogo."

Mwezi wa tano alikwisha kuyapaka rangi maua kumi na tisa. Akayakwangua yote kwa msasa, kwa kuwa wekundu wake ulikuwa wa matofali, si wa waridi. Wakati huo mkewe alikuwa ameanza kupapasa ukuta akienda jikoni. Fundi aliliona hilo. Akaongeza bidii, lakini gunia hakuliondoa.

Hatimaye asubuhi moja aliyachomeka yote ishirini chini ya dirisha. Yaliwaka juani kama makaa. Alimwongoza mkewe kwa mkono, akamsimamisha mbele ya maua.

"Haya, tazama!"

Mkewe aligeuza uso huku na huku, kama mtu anayetafuta sauti inatokea wapi.

"Tumeshafika?" aliuliza.

Fundi aliushusha mkono wa mkewe hadi kwenye ua la karibu. Mkewe akaelewa. Alichuchumaa, akayapapasa maua moja baada ya jingine, kwa vidole vilivyozoea kukagua mishono.

"Mazuri," alisema taratibu. "Hayana kasoro. Lile lililopinda liko wapi?"

"Lilichukuliwa pamoja na vyuma chakavu."

"Lile niliwahi kuliona," mkewe alisema. "Hilo ndilo ua langu."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi fundi huyafuta vumbi maua yale yasiyonyauka, naye mkewe hukaa dirishani akisikiliza kitambaa kinavyopita juu ya bati. Ama kweli, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.