Chambo cha Manyoya Meupe

Kulikuwa na fundi mmoja wa chambo. Si chambo cha kuchimba udongoni, wapendwa, najua wengi wenu ni watu wa bara. Huyu alifunga chambo cha manyoya. Anachukua ndoano, anaivisha manyoya ya jogoo kwa uzi, akimaliza unaapa ni dagaa. Mvuvi anakiburuta nyuma ya ngalawa, samaki mkubwa anadhani kapata chakula, kumbe chakula ni yeye. Ufundi huo aliurithi kwa baba yake, na vijiji vyote vya pwani ile vilimjua.

Sasa yule baba akaugua, ule ugonjwa wa uzeeni usio na haraka wala huruma. Macho yakazimika. Uji akaukataa, hata maji akawa anayanywa kwa kubembelezwa. Siku moja akawaita fundi na kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa mvuvi wa nyumba ile.

"Wanangu," akasema, "nina hamu ya mchuzi wa kichwa cha kolekole. Nikiuonja huo, hata nikiondoka sina neno."

Lakini msimu ule samaki huyo, kolekole, hakuonekana sokoni. Walikuwapo, wavuvi waliwaona wakiruka nje ya mwamba, ila kila chambo walikipita kama hawakioni. Basi kaka akamgeukia fundi. "Mdogo wangu, hawa wanataka kitu kipya. Nifungie. Kesho kutwa alfajiri natoka."

"Kaka, nitakufungia ambacho hujapata kukiona."

Na kweli alihangaika, msimdharau. Alikwenda kwa kina mama wakaanga samaki, akaomba matumbo ya samaki waliovuliwa kule kule kwenye mwamba, akayapasua ajue wanakula nini. Akakuta vidagaa vyembamba, tumbo jeupe, mstari wa buluu ubavuni. Akasema, mfano wangu ni huu. Akaanza kusaka vifaa. Manyoya marefu meupe ya shingo ya jogoo: akazunguka kijiji kizima, majogoo wakabaki shingo wazi, mama mmoja akamtoa mbio na mwiko. Akakata ndevu za beberu wa jirani. Akachambua nyuzi za kiroba, akazichovya kwenye buluu ya kufulia. Akaokota karatasi ya biskuti inayometa, akaichana vipande vyembamba viwe magamba.

Naona mama pale nyuma anacheka. Cheka tu, mama.

Je, katika vifaa vyote hivyo alivyosaka, mmesikia nimetaja ndoano? Hata yeye hakuikumbuka. Jua la siku ya pili linashuka, manyoya yamepangwa mkekani, ndipo anaitafuta. Duka la ndoano liko ng'ambo ya mkono wa bahari. Akafungua kopo la zamani, akapata moja kubwa, ina kutu pale inapopinda.

Na baba yake alimfundisha jambo. Kabla ya kufunga uzi wa kwanza, unaikwamisha ndoano kwenye mwimo wa mlango, unashika kamba yake, unaegemea nyuma na uzito wako wote. Kama ni ya kukatika, ikatikie nyumbani.

Fundi akaipeleka mlangoni. Akaikwamisha. Akashika kamba. Halafu, wapendwa, akaiachia. Hakuivuta. Kwa nini? Kwa sababu alijua. Moyoni alijua kabisa, akaogopa kuona. Akaipiga msasa ikang'aa, akaizungushia uzi mwekundu palepale penye kutu, akavisha manyoya juu.

Majirani wakaja kutazama, wakashika vinywa. Kaka akakigeuza mkononi, akacheka. "Hiki hata mimi ningekimeza! Ndoano umeivuta mlangoni?"

Fundi akajibu, "Kaka, mimi mtoto wa nani?"

Mmelisikia jibu hilo? Si ndiyo, wala si hapana.

Kaka akatoka alfajiri. Alirudi mapema, mikono mitupu, viganja vimechanika kwa mshipi wa kuvulia. Akakaa kizingitini. "Kolekole alikuja," akasema. "Wote walikipita kila chambo chetu siku zote hizo, leo akaja mmoja mkubwa, akakimeza hiki. Nikamvuta mpaka nikaliona jicho lake." Akakiweka kile chambo mkekani. Manyoya yote yalikuwapo, meupe, hata unyoya mmoja haukutoka. Lakini ndoano ilikuwa imeishia kwenye uzi mwekundu.

Mzee akawasikia. "Nipeni nikishike," akasema kwa sauti ndogo. Fundi angefanya nini? Akamwekea kiganjani. Vidole vya mzee vikaanza kupapasa taratibu, manyoya, ndevu za beberu, vile vipande vinavyometa, na uso ukamchangamka kwa mara ya kwanza tangu alale.

"Mwanangu, umenipita. Mimi sikuwahi kufunga kitu kama hiki."

Kisha vidole vikashuka chini, vikapita uzi, vikatafuta, vikasimama.

"Na ndoano iko wapi?"

Mzee akageuza uso ukutani. Walimzika Jumapili hiyo, mchuzi hakuuonja, na fundi hakufunga tena chambo maishani mwake.

Sisi je? Tumeshona sare za kwaya, zimependeza. Tumejifunza maneno ya sala mpaka wageni wanatuuliza tulisomea wapi. Manyoya tunayo! Ila kila mmoja wetu hapa anapajua penye kutu. Ni yule ndugu usiyemsalimia tangu msiba wa mwaka juzi. Ni ile nyumba unayoingia ukizima simu. Tunapajua, ndiyo maana hatuvuti. Tukiulizwa tunasema, mimi mtoto wa nani? Na watu wanaotutegemea wanakwenda baharini na kitu chetu mkononi.

Iko siku Baba atatushika. Hatapitia juu juu. Atasifu yanayostahili sifa, kisha vidole vyake vitashuka chini. Nawaomba, mkifika nyumbani leo, kabla hamjapakua chakula, simameni kwenye mlango wenu wenyewe, mvute. Ikikatika, ikatikie hapo.