Sogeza Mguu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kupeleka watoto shule kama sisi, mke wa Kiboko alimwambia mumewe, "Baba Nyange, hebu sogeza mguu. Umeziba mkondo."

"Baadaye," akajibu Kiboko, macho kayafumba.

Yalikuwa maneno ya kila siku. Jioni ile mkewe akaugua, na kabla mwezi mpya haujaandama wakamzika.

Matanga yalipoanuliwa, Kiboko alirudi kijitoni, akajilaza palipokuwa pao wawili. Hakuinuka tena. Majani aliyavuta kwa mdomo papo hapo alipolala. Tope likarundikana mguuni pake, maji yakakoma kupita, na huko bondeni miche ya shule ikaanza kunyauka.

Wanafunzi walikuwa na klabu yao ya mazingira. Mwenyekiti alikuwa Nguchiro, kimo chake hakifiki goti la Kiboko. Akaja na mwenzake Kindi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Tunaomba usogee kidogo tu. Miche yetu mia mbili inakufa kiu."

"Hmmf!" Kiboko akapuliza. Pwaa! Maji yakamwangusha Kindi chali. "Hapa nililala na mke wangu. Wa kunitoa hajazaliwa!"

"Haya, babu, tumesikia," alisema Nguchiro. Akamwinua Kindi, wakaenda zao.

Jumamosi klabu ikaitisha msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kuimarisha kingo za kijito. Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi: wagonjwa, vikongwe na watoto wachanga hawakushika jembe. Walifungwa jani la mgomba sikioni, alama ya kusamehewa kazi, wakanyweshwa uji.

Kiboko akiwa amesinzia, akahisi kitu sikioni.

"Nini hicho?"

"Jani, babu," alisema Nguchiro, akikaza fundo. "Na uji wako huu hapa. Nimeupoza, usiungue ulimi."

"Uji? Mimi?"

"Umo kwenye orodha ya wasiojiweza. Baada ya bibi Kobe, kabla ya kitoto cha Panya. Haya, fumbua mdomo. Aaa!"

Nyati, aliyekuwa akihangaika na gogo ukingoni, akaangua kicheko. "Taratibu, mtoto! Mzee asije akapaliwa!"

"Nani mzee?" Kiboko akainuka. Tope likaachia: vuup! "Ondoka hapo, Nyati! Hilo nalo gogo?"

Nyuma yake maji yakafanya shwaaa!

Akaburuta gogo la kwanza, la pili, la saba. Nyati akaishia kufuta jasho. Ilipofika adhuhuri, Kiboko akagundua kwamba ana njaa, njaa hasa, ambayo hakuwa nayo tangu msibani.

Aliporudi mahali pake, akakuta safu ya matete mabichi.

"Nani kapanda hapa?"

"Sisi, babu," alisema Nguchiro.

"Kumbe uji ulikuwa mtego!"

"Uji ulikuwa uji kweli, babu, tena wa ulezi. Orodha ndiyo haikuwapo."

Kindi akajificha nyuma ya jembe. Hatua moja tu ya Kiboko ingeponda matete yote.

"Pa kulala hatukupagusa," Nguchiro aliendelea. "Pako na pa marehemu bibi pamebaki vile vile. Tumepanda pale mguu ulipoziba tu."

Kiboko akayatazama maji yakipita. Kisha akaenda kula.

Mwenye nguvu, wanangu, hainuliwi kwa nguvu.

Kesho yake asubuhi, kabla jua halijapanda, Kiboko aliingia kijitoni polepole, akayazunguka matete, akajilaza upande wake. Akaukunja mguu.

"Haya, Mama Nyange," akasema. "Nimesogeza."