Mstari wa Chaki

Mtu mmoja alikuwa na mke fundi cherehani, na jambo la mwisho la kawaida walilofanya pamoja lilikuwa kuvuta uzi. Mke huyo, Subilaga, alikuwa anatengeneza mfarishi, yaani lile blanketi la tabaka tatu: vipande vya nguo kuukuu juu, pamba katikati, bitana chini. Aliutandaza sakafuni, akaubana kwa pini, akapaka uzi mrefu chaki, akampa mumewe ncha moja aishike kwenye pembe. Yeye akaenda pembe ya mkabala, akaukaza uzi, akaufyatua. Mstari mweupe ukalala mshazari juu ya vipande vyote.

"Umenyooka," akasema. "Kumbe chuo kikuu walikufundisha kitu."

Wakacheka. Mistari mingine wangeichora kesho yake. Kesho yake Subilaga aliamka na homa, na hakukaa tena kwenye cherehani.

Mume alikuwa mpima ardhi. Aliukunja mfarishi akaufungia kabatini, ukakaa humo miezi saba. Kisha binti yao akajifungua, na habari ikaja kwamba angemleta mtoto asubuhi inayofuata. Mji wao uko mlimani. Julai yake ni ukungu na baridi. Subilaga alikuwa amesema mfarishi ule ni wa mjukuu wa kwanza. Basi yule mtu akautoa, akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona kwa ujuzi aliokuwa nao.

Alizunguka mipaka. Kila kipande alikishonea ukingoni, kama alivyozoea kuweka mawe kwenye viwanja vya watu. Gauni la kwaya likapata uzio wake, shati lake la kazi likapata wake, khanga ya matanga ya mama mkwe ikapata wake. Mstari wa chaki hakuugusa. Ulikuwa umefifia, lakini ulikuwa kazi ya mkono wa mkewe, na sindano ingeupukutisha.

Alasiri akaja Tusekile, mdogo wa marehemu, na chupa ya chai. Akauinua mfarishi dirishani, akaukung'uta mara moja. Pamba yote ikaporomoka hadi chini ya kila kipande, na huku juu mwanga ukapenya.

"Shemeji! Umepima viwanja vizuri, ila wakazi wote wamehamia bondeni."

Yule mtu akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kisha akamweleza habari ya chaki. Tusekile akauinamia ule mstari uliofifia.

"Dada alichora ili ushone, shemeji. Hakuchora ili utunze chaki."

Wakafumua kila uzio. Tusekile akaitandaza pamba upya, akaibana. Yule mtu akaweka sindano kwenye pembe, akakanyaga. Cherehani ikavuka gauni la kwaya, ikaingia khanga ya matanga bila kusita, ikatokea kwenye shati lake mwenyewe. Chaki iliruka kama unga, akapiga chafya, Tusekile akamwambia asilowanishe mali ya mtoto. Na nyuma ya sindano, palepale chaki ilipokuwa, pakabaki uzi. Mshono ulipofika mwisho, alijikuta kwenye pembe ileile aliposimama siku ile ameshika ncha.

Kutoka mstari huo akapima mingine, shubiri moja moja, upande huu na upande ule. Kabla jua halijazama alikuwa anaimba besi ya wimbo wa kwaya, na shemeji yake anamkosoa. Mfarishi ukakung'utwa tena. Pamba haikuhama.

Ndugu zangu, ninyi mliofungia kabatini kazi waliyowaachia wapendwa wenu, mtoto akifika na baridi yake mtamfunika kwa chaki?

Asubuhi iliyofuata mjukuu alilala chini ya mfarishi, jasho jembamba puani. Babu yake akafungua kabati, akatoa magauni ya Subilaga yaliyobaki, akayakata vipande. Kisha akamwita binti yake aje ajifunze kushika ncha ya uzi.